Zimwi la Chini ya Daraja

— Lichome! Lichome kisogoni kabla halijageuka!

Mdogo wake Mtunzi alikuwa amepanda juu ya kiti, dadu mkononi, macho yamemtoka. Mezani palitandazwa ramani ya milima isiyokuwepo duniani. Mtunzi alishajipatia wasomaji kwa vitabu vyake vya majini na falme za kubuni. Sasa alikuwa anamalizia mchezo wa mezani, ule ambao wachezaji wanajifanya mashujaa, na msimulizi anawajibu kwa sauti ya kila wanayekutana naye. Kesho yake mchapishaji alikuwa anausubiri. Na Jumamosi ya wiki iliyofuata, Mtunzi mwenyewe alikuwa anaolewa.

— Subiri kidogo, alisema jirani yao, Mwalimu. Kabla ya kuliua, tulisalimie. Ewe zimwi, hujambo?

Mtunzi akavimbisha mashavu, akatoa sauti nzito ya puani:

— Hakuna kinachovuja!

Wakacheka mpaka ramani ikaanguka. Ndipo spana ilipolia sakafuni kule jikoni, na kicheko kikakatika kama kimefungiwa koki.

Mchumba wa Mtunzi, Fundi bomba, alikuwa huko tangu saa nane, amelala chali chini ya sinki. Alitokea mlangoni, maji yakimtiririka viwikoni.

— Endeleeni tu. Hilo zimwi lenye salamu yangu linagonga ukuta kwa kidole halafu linatega sikio, siyo?

— Mpenzi…

— Linapima kila kitu kwa shubiri. Linaimba kwa pua likiwa kazini. Linakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Nimesikia vizuri?

— Shemeji, ni mchezo tu, alisema mdogo mtu, akishuka kitini taratibu.

— Najua ni mchezo. Mwishoni linafanywaje?

Mwalimu hakujaliwa kipaji cha kudanganya.

— Linauawa, alisema. Ndipo binti mfalme liliyemfungia anapokuwa huru.

Fundi alifuta spana zake moja moja, akazipanga mkobani, akatoka. Hata mlango hakuubamiza, na hilo ndilo lililomtisha Mtunzi. Nusu saa baadaye ujumbe ukaingia: "Mimi si mtu wa vitabu ila nimeelewa. Umeniona zimwi, ukawagawia watu mikuki. Mwambie mama harusi isubiri."

Alipiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa. Ya kumi na mbili iliingia yenyewe: mama yake Mtunzi, habari zimeshamfikia.

— Umemfanya nini mtoto wa watu?

— Nimemwandika, mama.

— Umemwandika! Ulimwomba ruhusa?

 Miaka yote alikuwa akiwauliza wasomaji kama jini lao liwe na pembe ngapi, lakini mtu wake mwenyewe hakumuuliza hata neno moja.

— Usilie, dada, alisema mdogo wake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

— Usimwite zimwi!

— Heee! Nani aliyeanza?

Asubuhi Mtunzi alimwandikia mchapishaji kwamba mchezo hauji leo, akakunja ramani, akatia dadu mfukoni, akaenda kumtafuta mtu wake. Alimkuta ghorofa ya tatu ya jengo ambalo halijaisha, kwenye bafu lisilo na mlango, anakaza nati. Juu ya ngazi palikuwa na fundi rangi anayejifanya hasikii.

— Nipe dakika kumi tu. Cheza na mimi.

— Nina kazi, bibie.

— Utakuwa yeyote unayetaka. Mimi nitajibu kwa niaba ya zimwi. Uliza chochote.

Fundi aliitazama nati, akamtazama yeye. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kubana sauti ikawa nyembamba.

— Haya. Mimi ni binti mfalme. Natembea na daftari hadi chooni. Juzi nimesahau simu yangu ndani ya jokofu.

Fundi rangi akakohoa. Mtunzi alijizuia asicheke.

— Karibu, binti mfalme.

— Mbona umenifungia?

— Sijakufungia, alijibu Mtunzi kwa sauti nzito ya zimwi. Mlango uko wazi tangu siku ya kwanza. Nilikuja kurekebisha bomba, nikashindwa kuondoka.

— Basi mbona umeandikwa zimwi?

Hapo sauti nzito ikamkatika Mtunzi. Akajibu kwa ya kwake.

— Nilihitaji adui ambaye mkono utasita kumpiga. Akipigwa kirahisi, mchezo hauna ladha. Nikajiuliza, wangu unasita kwa nani? Nikakuona wewe tu. Lakini nilikosea. Nilikuanika watu wakucheke, na wewe umelala chini ya sinki langu, unanitengenezea. Nisamehe. Mwisho nimeufuta, na sijaandika mwingine.

Fundi aliweka spana chini. Kisha akanyoosha kiganja.

— Leta hiyo dadu. Binti mfalme anataka kulitoa zimwi chini ya daraja, waende wakaishi kasri kama watu. Anahitaji ngapi?

— Tano au sita.

Dadu ikaruka, ikagonga bomba, ikatulia. Mbili.

— Rudia! alipiga kelele fundi rangi, akiwa amesahau kabisa kwamba hasikii.

— Hairudiwi, alisema Mtunzi, machozi yakimlengalenga, maana sheria aliitunga mwenyewe. Umeshindwa. Zimwi halitoki.

— Lisitoke, alisema Fundi, safari hii kwa sauti yake halisi. Binti mfalme anahamia chini ya daraja.

Mtunzi alimrukia pale pale juu ya ndoo, wote wawili wakaenda chini, ramani ikapata vumbi la saruji ambalo halijatoka mpaka leo.

— Sasa harusi vipi? aliuliza fundi rangi kutoka juu. Maana mimi nahitaji kujua.

— Jumamosi ileile, alisema Fundi, mgongo ukiwa sakafuni. Na wewe uje.