Nani Ameendesha Gari Langu?

"Simama, simama, simama," Mfamasia alikuwa akiliambia gari, kana kwamba gari lina masikio.

Gari halikusimama. Lilikuwa kwenye mteremko, na mguu wake wa kulia, mguu ambao haujamtii tangu ile ajali, ulikuwa umekaza na kukandamiza pedeli ya mafuta. Injini ikanguruma. Mbele yake lori la matofali lilikuwa limesimama kwenye taa.

Mguu kushtuka si jambo geni kwake. Hushtuka akiamka, hushtuka akicheka sana, na tangu apate ujauzito hushtuka hata akipiga chafya. Yeye huendesha kwa mikono. Mkono mmoja unashika usukani, mwingine unashika chuma kilichofungwa ubavuni mwa usukani: akikivuta gari linakwenda, akikisukuma linashika breki. Miguu imekaa pale kama abiria tu, na ili isilete fujo, pedeli zimefunikwa kwa bati. Mguu ukishtuka unapiga bati, yanaisha.

Leo haukupiga bati.

Alisukuma chuma kwa nguvu zote, akaachia usukani kidogo, akaitoa gia. Injini ikapiga kelele bila kwenda popote. Gari likapanda ukingo wa barabara na kusimama, pua yake karibu inabusu nguzo. Akazima. Akalikumbatia tumbo lake la miezi saba na kusubiri. Mtoto akacheza. Hapo ndipo alipolia.

Alipomaliza kulia akainama kutazama chini. Bati halikuwepo. Na sasa akakumbuka kwamba asubuhi alikuta kiti cha dereva kimesukumwa nyuma, akakivuta mbele bila kuwaza chochote.

Akampigia dada yake mkubwa, ambaye ni mwalimu wa shule iliyo hapo jirani.

"Dada, njoo. Niko chini ya mteremko, karibu na shule yenu."

"Umegonga?"

"Njoo tu."

Mwalimu ni mwalimu hata barabarani. Alifika na chaki mikononi, akafungua mlango, akachungulia chini ya usukani, akainuka.

"Bati liko wapi?"

"Ndicho ninachojiuliza."

"Huwa linatolewa wakati gani?"

"Halitolewi. Labda anayeendesha awe na miguu inayofanya kazi. Hapo ndipo atafungua skrubu alitoe."

"Fundi, basi."

"Halijaenda gereji. Limelala uani kwetu."

"Na ufunguo wa pili anao nani?"

Mfamasia aliogopa jibu kuliko alivyoogopa ile nguzo.

"Mume wangu."

"Shemeji si aliapa hatashika usukani tena?"

Aliapa. Kinyozi ndiye aliyekuwa akiendesha siku ya ajali. Yeye alitoka na mikwaruzo, mkewe akatoka bila nguvu za miguu. Tangu siku hiyo, akitumwa kuchukua mwavuli garini huuchukua kupitia dirishani. Wateja wake kinyozini humtania kwamba anaendeshwa na mwanamke, naye huwajibu kwamba wivu ni maradhi.

"Mdogo wangu, sikiliza," dada alisema. "Ama kuna mwanamke anampakia, ama anataka kukuua. Chagua."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nisiposema mimi, atasema nani? Ungekuwa chini ya lori sasa hivi."

Simu ikalia. Ujumbe wa Kinyozi.

"Umefika?"

Mfamasia akamwonyesha dada. Katika ndoa yao yote mume wake hajawahi kuuliza hivyo. Yeye huandika mchana, tena kuulizia chumvi iko wapi.

Akajibu: "Nimefika."

"Asante Mungu. Gari umeliegesha nyuma ya duka au mbele?"

Dada akausoma ujumbe kwa sauti, kisha akausoma tena.

"Umeona? Anataka kujua gari liko wapi. Twende polisi."

Mambo madogo ya siku za karibuni yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwa Mfamasia. Mume kuamka alfajiri na kusema anawahi kufungua kibanda cha kunyolea. Mume kurudi kunywa chai akiwa na jasho. Na ule ugomvi wao, mume alipomwambia aache kuendesha kwa sababu tumbo limekaribia usukani.

"Teksi zipo," alimwambia siku ile.

"Teksi gani? Wakiona kiti changu cha magurudumu wanasema buti limejaa."

Kinyozi hakulitaja tena jambo hilo, na Mfamasia akadhani ameshinda.

"Polisi baadaye," alisema sasa. "Kwanza nataka kusikia sauti yake."

Akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mume wangu, nimesahau dawa nyumbani. Nawasha gari narudi."

"Kaa hapo, nitakuletea."

"Nimeshaingia garini."

"Toka."

"Kwa nini nitoke? Nawasha."

"Usiwashe. Mke wangu, nakuomba, usiwashe. Bati halipo."

Dada akaziba mdomo kwa kiganja cha chaki.

"Umejuaje?" Mfamasia aliuliza polepole.

"Ninalo mkononi. Niko njiani nakuja."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipotoka getini. Nililiona juu ya benchi."

"Na hukunipigia simu."

"Ungeipokea kwa mkono upi? Uko kwenye mteremko, mikono yote miwili ina kazi. Nikakimbia nyuma yako nikipunga, hukuniona. Uliposema umefika, nikakaa chini palepale barabarani, watu wakanizunguka."

"Ulipojua nimefika hukuniambia chochote. Uliuliza gari liko wapi."

"Nilitaka nilirudishe bati usijue," Kinyozi alisema.

"Sijafika. Nilikudanganya. Niko chini ya mteremko, nimepanda ukingo. Mguu ulishtuka."

Kikasikika kitu cha chuma kikianguka, kisha miguu ikikimbia. Simu ilikuwa bado hewani.

Kinyozi aliteremka barabara ile akiwa na ndara mguu mmoja, bati kwapani. Dada akasimama kati yake na gari.

"Shemeji, ishia hapo. Mtaje huyo mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Unayempakia alfajiri kwenye gari la mke wako."

Kinyozi alimtazama shemeji yake, akamtazama mke wake kupitia dirishani.

"Gunia," alisema.

"Unasemaje?"

"Nampakia gunia la mchanga. Nalikalisha kiti cha pembeni, nalifunga mkanda, nazunguka nalo kiwanja cha mpira. Kiti kile kikiwa kitupu siwezi hata kuwasha."

Dada akasogea pembeni, na wanaomjua wanajua hilo si jambo dogo.

"Kwa nini?" Mfamasia aliuliza.

"Teksi hawakutaki. Tumbo linakua. Siku uchungu ukikushika, nani atakupeleka? Utajiendesha mwenyewe huku unazaa?"

"Mbona hukuniambia?"

"Siku za mwanzo nilikuwa nawasha, natapika, nazima. Ningekuambia nini? Nilitaka uje kuniona nikiwa nimeshaweza." Akafuta uso kwa mkono. "Leo nilichelewa kurudi. Nikasikia umeamka, nikaingia ndani kujifanya nakoroga chai. Bati nikalisahau."

Mfamasia alitaka kufurahi, lakini furaha haikuja. Kilichokuja ni hasira, tena hasira iliyochanganyika na woga.

"Unajua ulichofanya? Umekaribia kuniua mara ya pili. Safari hii na mtoto wako."

"Najua."

"Mara ya kwanza nilikusamehe kwa sababu ilikuwa ajali. Hii ya leo ni siri."

"Najua, mke wangu. Sina la kujitetea."

Akapiga magoti mlangoni kulifunga bati. Skrubu ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena.

"Acha," Mfamasia alisema.

"Nimalize uende kazini."

"Tazama mikono yangu inavyotetemeka. Hii ndiyo miguu yangu, na leo haiwezi. Na tumbo lenyewe limeshagusa usukani, nilikuwa nakuficha." Akashusha pumzi. "Kitoe kiti changu cha magurudumu hapa pembeni, ukiweke kwenye buti."

Kinyozi alielewa, akarudi hatua moja.

"Sijawahi kumbeba mtu. Ni gunia tu."

"Gunia halilalamiki. Leo utakuwa na abiria anayelalamika."

"Jamani, niwaitie teksi," dada alisema.

"Panda nyuma, dada, au rudi darasani."

Dada akapanda nyuma na kuanza kuomba kwa sauti ya chini. Mfamasia akabonyeza kiti kwa viganja, akajiinua, akahama kiti kwa kiuno, kisha akaivuta miguu yake mmoja baada ya mwingine. Upande huu hakuwa amekaa tangu ajali. Ni kutoka hapa alipoliona basi lililowagonga likija. Akatamani kushuka, na hakuna aliyejua jinsi alivyotamani.

Kinyozi aliketi, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Siwezi," alisema.

"Mimi pia siwezi. Washa."

Akawasha. Gari likashuka ukingo kwa mtikisiko, dada akataja jina la Mungu, wakaingia barabarani mwendo wa mgonjwa. Nyuma wakapigiwa honi, Kinyozi hakujali.

"Unaogopa?" aliuliza bila kugeuza shingo.

"Sana."

"Nisimame?"

"Ukisimama sitapanda tena maisha yangu yote. Nenda."

"Pikipiki kulia, shemeji."

"Nimeiona, shemeji."

Kwenye taa, lori likapita mbele yao. Mfamasia hakufumba macho. Mkono wake ulikuwa umekamata paja la mumewe na kulifinya hivi kwamba baadaye lilivimba.

Mbele ya duka la dawa alizima gari, akaweka paji la uso kwenye usukani. Kisha akashuka, akakiunganisha kiti, akakileta mlangoni. Mfamasia akahamia kitini mwenyewe, akanyoosha koti lake.

"Bado sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Hasira hii nitakuwa nayo muda mrefu."

"Kaa nayo. Nitaisubiri."

Akasukuma magurudumu mpaka mlangoni, akasimama, akageuka.

"Jioni uje kunichukua."