Skerry Inarudi, Wanasema

Ronnie Cargill huchemsha chai ya asubuhi yeye mwenyewe. Mjini Dundee hilo si jambo la kushangaza. Zamani wanawake wa mji huu ndio waliokwenda viwandani, na wanaume wengi walibaki nyumbani wakiangalia birika. Baba yake Ronnie aliitwa Mchemsha Birika mpaka akaingia kaburini. Ronnie naye hutaniwa hivyo na mkewe, Netta, wala hakasiriki.

Asubuhi moja ya Oktoba alimpelekea Netta chai kitandani. Nusu ya chai ilikuwa imemwagikia kwenye kisahani.

"Kuna nini?" Netta akauliza. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kafufuka mtu."

"Nani tena?"

"Skerry!"

Netta akakaa kitako. Jina hilo alikuwa hajalisikia kwa miaka mingi.

Skerry ilikuwa mashine ya gemu. Ilitengenezwa hapo hapo Dundee, katika kiwanda walichofanya kazi wote wawili ujanani. Netta alikuwa mkaguzi. Ronnie alikuwa upande wa kufungasha. Ronnie alikuwa akipoteza gundi yake kila siku ili apate sababu ya kwenda kuazima kwa wakaguzi. Netta alijua, akanyamaza, akampa gundi mpaka wakaoana.

Siku hizo gemu ilitoka kwenye kanda ya kaseti. Ukiweka kanda, ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kisha watu walingoja. Hakuna kutembea sebuleni, hakuna kubamiza mlango, maana kanda ikishtuka mnaanza upya. Nyumba nzima ilitembea kwa vidole vya miguu. Nawaambia, kungoja kule kulikuwa na utamu wake, na aliyekuonja hakusahau.

Halafu kampuni ikafilisika. Wafanyakazi walifika kazini asubuhi wakakuta mnyororo langoni. Hakuna aliyewaaga.

Waliobaki mjini walianzisha chama. Kila mwezi kila mtu hutoa kidogo. Fedha hizo ni za kuzikana, kwa kuwa mazishi ni ghali na wanachama wengine hawana mtoto wala ndugu. Mweka hazina ni Ronnie. Akisema jambo, wenzake hawaulizi mara mbili.

"Tazama mwenyewe," Ronnie akasema, akampa Netta simu.

Kwenye simu kijana mmoja mtanashati alikuwa anazungumza. Aliitwa Tarrant, naye alitoka London. Mbele yake palikuwa na sanduku jeusi lenye mistari ya rangi ya chungwa, sawasawa na lile la zamani. Alisema Skerry inarudi. Alisema kampuni yake inafanya harambee mtandaoni, kila anayependa atoe chochote, na mwakani atapata mashine. Watakaotoa fedha nyingi, majina yao yatachapwa ndani ya kila sanduku. Tena, fedha zikitosha, mashine zitatengenezwa Dundee.

Netta alimtazama mumewe. Macho ya Ronnie yalikuwa mekundu. Alikuwa ameitazama video hiyo tangu alfajiri.

"Nataka tutoe fedha za chama," Ronnie akasema. "Zote. Majina yetu yaandikwe mle ndani, Netta. Sisi ndio tulioitengeneza na hakuna mahali popote tulipoandikwa."

"Fedha za kuzikana, Ronnie?"

"Hakuna mgonjwa sasa hivi. Tutachanga nyingine."

Netta aliiweka simu kitandani. Alijua kwamba mumewe hanunui mashine. Alikuwa anaununua ujana wake, na mtu akitaka kununua ujana wake huwa haulizi bei.

Katika nyumba yao ya ghorofa majirani hufagia ngazi kwa zamu. Wiki ile ilikuwa zamu ya Ishbel Petrie wa ghorofa ya chini. Ishbel hufanya kazi katika ofisi ya ushauri, wanakokwenda watu waliodhulumiwa na wauzaji. Netta alimkuta na ndoo yake, akamweleza. Ronnie alikuwa anashuka, akasikia.

"Umeshaanza kunitangaza," akasema.

"Nimemwambia jirani, sijaweka gazetini."

Ishbel akaegemeza ufagio. "Kaka Ronnie, nikuulize. Ukienda dukani ukatoa hela, unapewa nini?"

"Kitu nilichonunua."

"Na huyu kijana ukimpa hela leo, anakupa nini?"

"Atanipa mashine."

"Lini?"

"Mwakani."

"Basi leo anakupa ahadi. Harambee ya mtandaoni si duka, kaka. Unamsaidia mtu ajaribu kufanya kitu. Akiweza, vizuri. Akishindwa, mara nyingi hela haipo tena, imeshaliwa na kazi au imeshaliwa na yeye. Na ile tovuti yenyewe haikurudishii. Wameandika hivyo chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi."

"Kwa hiyo wote ni wezi?"

"Sikusema hivyo. Mimi nilimchangia mwalimu mmoja achapishe kitabu cha mapishi, nikakipata. Lakini nilimjua, na kitabu alikuwa ameshakiandika. Huyu Tarrant ameshatengeneza nini?"

Ronnie akakunja uso. "Hii ni Skerry, Ishbel. Si kampuni ya mtaani."

"Skerry ya nani? Kampuni ikifa, jina lake huuzwa kama viti na meza zake. Mwenye hela analinunua. Si lazima awe amewahi kushika bisibisi. Kanunua jina. Hakuwanunua nyinyi, na ujuzi wenu haumo kwenye risiti."

"Wewe hukuwepo pale!" Ronnie akasema kwa ukali. "Hujui tulikuwa nani!"

Akatoka nje bila koti, na mvua inanyesha. Alirudi baada ya muda amelowa chapachapa, akampita Ishbel kwa hatua nzito. Lakini alikanyaga pembeni ili asichafue ngazi aliyoiosha. Hasira zake huishia hapo.

Siku mbili baadaye Tarrant mwenyewe alimpigia Ronnie simu. Alikuwa amejua kuna wafanyakazi wa zamani, maana Ronnie alimwandikia. Alitaka kuja Dundee kuwapiga picha za video wakiisifu mashine, ili watu wengine wavutike kuchangia. Ronnie alifurahi kama bwana harusi.

"Njoo na mashine, nasi tutatoa mchango wa chama hapo hapo," akasema.

"Nitakuja nayo, mzee wangu. Nyinyi ndio Skerry!"

Maneno hayo Ronnie aliyarudia siku nzima. Netta akaona kumpinga ni kupigana na upepo. Usiku, walipokuwa wanakula, alimwambia neno moja tu.

"Ronnie, mimi nilikupenda wewe. Kile kiwanda kilikuwa kiwanda tu."

Ronnie alimwongezea viazi kwenye sahani. "Najua," akasema. "Lakini kilinipa wewe, Netta. Ningependa kukiona tena."

"Basi muulize huyo kijana maswali ya Ishbel. Kama ni mkweli atajibu. Swali halimuumizi mkweli."

Jumamosi chama kilikutana katika ukumbi wa kanisa. Wazee walivaa nguo za sikukuu. Meza ilijaa pai za nyama na chai. Ishbel naye alialikwa na Netta, akakaa nyuma.

Tarrant alifika na mpiga picha. Aliiweka mashine mezani, akaiunganisha na runinga. Ikawaka papo hapo. Muziki ule wa zamani ukatoka, na ukumbi mzima ukapiga kelele. Watu walifuta machozi. Mwanamke mmoja alisema, "Marehemu mume wangu alikuwa hanishindi kwenye hii!" Hata Netta alisogea karibu na runinga. Walicheza kwa zamu, wakasukumana, wakatukanana kwa mapenzi.

"Haya, wazee wangu," Tarrant akasema. "Mzee Ronnie atasema maneno machache mbele ya kamera, kisha tutakamilisha ule mchango wenu."

Ronnie alisimama na simu mkononi, tayari kutuma fedha. Alifungua mdomo. Ndipo akazungumza Jeannie Lorimer.

Jeannie alikuwa mkubwa kuliko wote, na mdomo wake ulikuwa mkali tangu kiwandani. Hakuwa na mume wala mtoto.

"Mwanangu," akamwambia Tarrant, "ifungue."

"Samahani, bibi?"

"Hilo sanduku. Lifungue tuone."

Wazee wakacheka, lakini wakaitikia kwa vichwa. Kiwandani mwao kulikuwa na utaratibu. Aliyefunga sanduku hakuwa ndiye anayelipitisha. Mtu wa pili alilifungua tena, akatazama ndani, kisha akalifunga. Waliuita jicho la pili. Hata meneja angekuwa na haraka vipi, mashine isiyofunguliwa haikutoka mlangoni.

"Ah, hii ni ya mfano tu," Tarrant akasema. "Imegundishwa."

"Nina bisibisi," akasema Jeannie, akaitoa kwenye mkoba. Sijui ni bibi gani mwingine anayekwenda kula pai na bisibisi.

"Kuna siri za kampuni mle ndani."

"Siri kwetu? Si ulisema sisi ndio Skerry?"

Watu wakacheka tena, lakini kidogo. Tarrant aliivuta mashine karibu na kifua chake.

Ronnie alikuwa bado amesimama. "Mwanangu," akasema polepole, "ni kiwanda gani kitakachozitengeneza?"

"Tuko kwenye mazungumzo, mzee."

"Hapa Dundee?"

"Dundee au kwingineko. Itategemea."

"Umewahi kutengeneza mashine nyingine kabla ya hii?"

"Kampuni yetu ni changa. Sisi ni watu wa ndoto."

"Na ukishindwa, fedha zetu?"

Tarrant akatabasamu. "Kila jambo lina hatari zake. Lakini mzee wangu, usiwe na mashaka! Hebu sikia muziki huo. Moyo wako unakuambia nini?"

"Moyo wangu unaniambia nikupe," Ronnie akasema. "Tangu alfajiri ile unaniambia hivyo hivyo. Lakini hizi si fedha za moyo wangu. Ni za watu hawa." Akazima simu, akaitia mfukoni. "Utaratibu wetu wa kiwandani ni huu. Isiyofunguliwa haipiti. Siku utakayoifungua, uje, pai zitakuwepo."

Mpiga picha alikunja vifaa vyake. Tarrant aliondoka na mashine kwapani, bila kumaliza chai. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku ile kilijitembeza mpaka kwenye gari.

Ronnie alikaa kwenye kiti akiwa amejiinamia. Ishbel alikuja akaketi karibu naye.

"Nilikukaripia kwenye ngazi," Ronnie akasema.

"Nimeshasikia mabaya zaidi kazini."

"Huenda tumemkosea. Huenda ni mkweli."

"Huenda. Kama ni mkweli, mashine itafika madukani, nawe utainunua ukiwa umeishika mkononi. Hujapoteza kitu kwa kungoja. Anayekuharakisha ndiye wa kumwogopa."

Wiki nzima Ronnie alishinda dirishani. Hata chai yake ilikosa ladha. Netta alivumilia, kisha akachoka. Alipanda ngazi ya dari, akashuka na sanduku lenye vumbi na buibui wawili. Ndani mlikuwa na Skerry yao, ile ya kweli.

"Haiwaki," Ronnie akasema.

"Na wewe ulikuwa huwaki mpaka nilipokupa gundi. Ifungue."

Waliifungua juu ya meza ya jikoni. Ronnie alipuliza vumbi, Netta akatafuta waya uliokatika. Wenzao waliposikia, nao wakapanda darini kwao. Kila Jumamosi waliketi ukumbini, hawa wakichomea waya, wale wakisafisha kanda. Mashine nyingine hazikupona. Nyingi zilipona. Watoto wa mtaa walianza kuja kucheza, wakashangaa kuambiwa wasitembee wakati kanda inalia. Jeannie aliwasimamia na bisibisi yake, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Gharama yote ilikuwa waya na chai.

Kuhusu Tarrant, habari zilikuja kidogo kidogo. Harambee yake ilipata fedha nyingi. Kisha alitangaza kwamba mashine zimechelewa. Akatangaza tena. Baadaye tovuti yake ikafungwa. Watu wa miji mingi walikuwa wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe halikufika. Ronnie alisoma malalamiko yao kwenye simu. Hakucheka. Mmoja alikuwa ameandika, "Nilitaka tu kucheza tena na kaka yangu." Ronnie aliyasoma maneno hayo kwa Netta, kisha akavua miwani.

Januari iliyofuata hayo yote, Jeannie aliugua mapafu, akafa hospitalini. Alikuwa hana akiba wala ndugu. Mtu kama huyo asipokuwa na wa kumzika, mji humzika kimyakimya, bila mtu kusimama pembeni.

Ronnie alikwenda benki. Fedha za chama zilikuwepo zote. Walimnunulia Jeannie jeneza zuri na kiwanja upande wa makaburi unaotazama mto. Walikodi basi, wakapika supu, wakamtangaza gazetini.

Katika nchi hii jeneza huteremshwa kwa kamba, na kila kamba hushikwa na mtu wa karibu wa marehemu. Wa kichwani ni mtoto wake au ndugu yake wa damu. Mzikaji aliita majina, na wazee wa Skerry wakatoka mmoja mmoja, wakazishika. Kamba moja ilibaki, ile ya kichwani.

"Ndugu wa marehemu ni nani?" mzikaji akauliza.

Ronnie akasogea mbele, akavua kofia, akaishika kamba hiyo.

"Ni mimi," akasema.

Wakamteremsha polepole, bila kumtikisa.