Nyumba Tatu, Tumbo Moja

Mwaka mzima Fundi Rangi alipaka kuta za watu. Siku ya sikukuu hakutaka hata kusikia harufu ya rangi. Alikuwa na kazi nyingine. Yeye na mkewe walialikwa nyumba tatu: kwa dada yake, kwa mkandarasi aliyempa kazi, na kwa mama mkwe.

Asubuhi mkewe alimwekea chai, mkate na yai.

"Ondoa," alisema Fundi. "Leo tumbo lina wageni. Naliachia nafasi."

"Baba watoto, njaa hiyo itakuponza."

"Njaa hii ndiyo mtaji wangu."

Walipofika kwa dada yake, Fundi alikuwa anaona nyota mchana. Mezani palikuwa na wali, nyama na viazi vya kukaanga. Hakutafuna, alimeza. Alimaliza sahani kabla mkewe hajashika kijiko.

"Ongeza, kaka," alisema dada. "Nimekupikia wewe!"

Akaongeza. Akaletewa soda, akaigugumia, akaletewa nyingine.

Kwa mkandarasi kulikuwa na kuku na keki. Tumbo lilikuwa limeshiba, lakini macho bado. Kwenye kuku alilegeza mkanda. Kwenye keki aliuvua, akautia mfukoni.

Kwa mama mkwe alipanda ngazi akihema kama mtu aliyebeba mfuko wa saruji. Meza ilikuwa imejaa mpaka pembeni.

"Mama, mimi nimeshiba," alisema kwa sauti ndogo.

"Umeshiba wapi, mkwe wangu? Kwangu hujala! Au siku hizi huyapendi mapishi yangu?"

Mama mkwe alikuwa amenuna. Fundi aliuogopa uso ule kuliko alivyouogopa wali. Akakaa, akala.

Kijiko cha mwisho kilipoingia, jasho lilimtoka. Tumbo likakaza kama ngoma. Akajilaza kwenye kochi.

"Mama watoto," alinong'ona, "naondoka."

"Unakwenda wapi tena?"

"Naiaga dunia. Ngazi yangu mpe mdogo wangu. Brashi usimpe, haoshi."

Mkewe alitaka kucheka. Lakini alipoona midomo ya mumewe inatetemeka, kicheko kilimkauka. Mama mkwe alitoka mbio bila viatu. Akarudi amemshika mkono jirani yake, nesi wa kituo cha afya.

"Kifua kinabana?" aliuliza Nesi. "Mkono unauma?"

"Hapana. Tumbo tu."

Nesi alimpima presha kwa mashine aliyokuja nayo. "Leo umekula nini?"

"Kidogo tu."

Mkewe alikohoa. "Sema ukweli, baba watoto."

Fundi akafumba macho, akataja yote, kuanzia wali wa dada mpaka keki ya mkandarasi. Mama mkwe akashika kiuno.

"Kumbe! Umeniletea tumbo la mtumba!"

Nesi alicheka, kisha akawa makini. "Umevimbiwa, kaka. Lakini presha yako iko juu, na hiyo si ya kuchezea. Njoo kituoni tuipime tena. Na maumivu yakizidi, au kifua kikibana, nenda hospitali papo hapo."

"Kosa langu ni nini? Nimeshinda na njaa makusudi."

"Kosa ndilo hilo. Mtu mwenye njaa kali hali, anafukia. Kunywa chai asubuhi kama kawaida. Ukialikwa, nusu ya sahani iwe mboga. Nusu nyingine gawia wali na nyama. Tafuna taratibu, maana tumbo huchelewa kukuambia kwamba limejaa. Soda waachie wengine, wewe kunywa maji. Keki onja kipande kidogo. Na kwa presha hiyo, punguza chumvi."

"Nikialikwa nyumba tatu je?"

"Onja kila nyumba. Si lazima ushibe kila nyumba."

Kisha akamgeukia mama mkwe. "Nawe mama, mgeni akisema ameshiba, mwamini."

Mama mkwe akatazama dari. "Nilikuwa nampenda tu."

"Mpende na kwa mboga."

Fundi alikwenda kituoni. Akaanza kutembea jioni na mkewe, na chumvi akaiondoa mezani. Siku za kwanza alilalamika kwamba chakula kinafanana na rangi ya maji. Baadaye ulimi ukazoea. Presha ikaanza kushuka, na Nesi akamwambia asiache kupima.

Sikukuu nyingine ilipofika, Fundi alikunywa chai nyumbani kwanza. Kwa mama mkwe walikuta bakuli kubwa la mboga, matunda yaliyokatwa, na jagi la maji. Alijaza sahani yake mara moja. Alikula polepole, kisha akaisogeza.

"Kimenoga sana, mama. Nimeshiba."

Mama mkwe alifungua mdomo. Nesi, aliyealikwa pia, akamtazama. Mama mkwe akaufunga.

Miaka yote, baada ya kula, Fundi alikuwa analala kwenye kochi na kukoroma mpaka jioni. Safari hii alikuwa macho kabisa. Akasimulia kisa cha bwana aliyebadilisha rangi ya sebule kila wiki mpaka mkewe akahamia jikoni. Watu wakacheka. Akasimulia cha mbwa aliyeangukia ndoo ya rangi. Akaendelea na cha tatu, na cha nne, bila kupumzika.

Mama mkwe alimwinamia binti yake.

"Hivi mumeo huwa anaongea hivi?"

"Kila siku, mama."

"Mwongezee wali, mwanangu. Labda atalala."

Fundi alisikia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akajimiminia maji, akavuta kiti karibu na mama mkwe, na kuanza kisa kingine.