Mahari ya Mpiga Piano wa Baa

"Uache huo mguu nyumbani," Inès alimwandikia Yvan. "Baba akiuona unatikisika atauliza."

"Niko kwenye lifti," Yvan akajibu. "Nimekuja nao."

Inès akacheka peke yake chumbani. Sebuleni, ghorofa ya kumi na mbili hapo mtaa wa Rexdale, wageni wa mahari walijaa hadi mlangoni. Jumapili Yvan alipiga kinanda kanisani. Siku nyingine alipiga muziki wa blues na bugi-wugi kwa piano kwenye baa za mjini, mkono wa kushoto ukikimbia bila kupumzika na mguu ukipiga mdundo, hata akiwa mbali na piano. Mzee Gervais, baba yake Inès, alishaapa kwamba mtu wa baa hamuoi binti yake.

Kwa mila yao, bwana harusi hafungui mdomo siku hiyo. Husemewa na mshenga, na mshenga Célestin alikuwa na ulimi wa asali. Inès akatega sikio mlangoni.

"Kijana wetu ameacha muziki ya baa," Célestin alisema. "Sasa ni kinanda ya kanisa tu."

Makofi.

Inès akashika simu. "Kweli umeacha?"

"Hapana. Nimesaini kupiga mwaka mzima, Montreal hadi Vancouver. Célestin sikumtuma aseme hivyo."

"Basi sema."

"Leo siruhusiwi. Tukishaoana nitamweleza mzee polepole."

Hasira ikampanda Inès. Alimpenda kwa piano ile ile. Sasa angeolewa na mtu wa kujificha?

Shangazi Donatienne akamtoa chumbani, akampeleka sebuleni. Mzee Gervais akauliza swali la mila, ambalo jibu lake hujulikana.

"Binti yangu, tupokee mahari hii?"

"Bado, papa. Aseme mwenyewe. Mimi siolewi na papa Célestin."

Mtu akacheka, akakohoa haraka. Yvan akainuka, mguu ukimcheza.

"Papa, sijaacha. Mwezi ujao naondoka kwenda kupiga. Nikiacha piano sitabaki mimi. Lakini Inès nampenda, sitaki kumuoa na uongo."

"Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa utaninyima."

"Ningekunyima kweli," mzee akasema. "Ningali natamani kukunyima." Akamgeukia binti yake. "Lakini anayeulizwa ni wewe. Umemsikia. Tupokee?"

"Pokeeni, papa."

Donatienne akapiga vigelegele. Mzee Gervais hakupiga hata kofi. Alichukua koti jipya aliloletewa na wakwe pamoja na mahari, akalivaa, likambana mabegani, akaketi nalo hivyo hivyo.