Nguzo ya Tatu

Picha zilitoka kwenye printa zimelowa.

Aika alizishika kwa ncha za vidole, akazinusa, akakunja uso. Printa haikuwa na tatizo. Muda mfupi uliopita ilikuwa imetoa picha za pasipoti, kavu kabisa. Hizi za daraja zilichuruzisha maji ya udongo mpaka kwenye kaunta, na chumba chote cha studio yake pale Majengo kikanuka zege bichi.

Kazi yenyewe aliipenda kupita kiasi. Tangu utotoni alikuwa mgonjwa wa treni, na kampuni iliyokuwa ikijenga daraja jipya la reli upande wa Kahe ilipomtaka apige picha za maendeleo ya ujenzi, hakujiuliza mara mbili. Treni ilipovuka mto taratibu juu ya daraja la zamani, alikimbia nayo ukingoni na kamera yake, vibarua wakimcheka. Aliyemcheka zaidi ni Shedrack, kijana wa Kirua Vunjo, ambaye kila akiona kamera alikaza misuli. Siku moja Shedrack hakuonekana. Msimamizi wa kazi, Ebenezeri, naye mtu wa Kirua, alitangaza kwamba kijana ametorokea migodini Mererani kutafuta utajiri wa haraka. Akamkataza pia Aika kusogelea nguzo ya tatu. Vibarua waliinamisha vichwa, na Aika akaamini.

Sasa picha zilizolowa zilikuwa za nguzo hiyo tu. Alizifuta, zikalowa tena.

Kesho yake, adhuhuri, jua la utosini, mlango uko wazi na mtaa mzima unapita nje na shughuli zake, ukuta wa nyuma wa studio uligongwa. Aika alidhani ni mafundi wa jirani. Akakumbuka kwamba nyuma ya ukuta ule hakuna jirani, kuna uchochoro mwembamba ambao hata mbuzi hawezi kupita. Mshindo haukuwa wa nyundo, ulikuwa wa ngumi ya mtu, mzito, wa hasira, na kila ulipotua ile harufu ya saruji ilizidi kumkaba koo, na kutoka ndani ya ukuta, si nyuma yake, ndani kabisa, ikasikika pumzi ya mtu anayevuta hewa isiyokuwepo, anavuta, anavuta, anakosa, anapiga tena.

Mwenye nyumba alisema ni jini la mtoni limemfuata, akamleta shehe wa mtaani. Shehe alisoma mpaka kanzu ikamganda mgongoni kwa jasho. Mwishowe akafunga kitabu na kusema kwa sauti ya chini:

"Binti, jini ukilisomea linaondoka. Huyu hawezi kuondoka. Amefungiwa mahali."

Hapo ndipo Aika alipoelewa, na woga wote ukageuka hasira. Aliwakasirikia waliomfungia, akajikasirikia yeye mwenyewe kwa kuamini habari za Mererani kama mtoto mdogo. Alizitia zile picha kwenye mfuko, akapanda Kirua kwa mama yake Shedrack.

Tabitha alikuwa akimenya ndizi nje ya jiko. Aika hakuwahi hata kumaliza shikamoo yake. Mama aliinua pua, akautazama mfuko, akaweka kisu chini. Harufu ile ilikuwa nyumbani kwake tangu mwanawe apotee, akasema, na alikuwa akijidanganya kwamba ni sakafu mpya ya zizi. Hakulia. Alionyesha kwa kidole nafasi mgombani, pembeni ya kaburi la mumewe.

"Kama amekufa, alale pale," alisema. "Sitaki kingine."

Walikuwa bado wamekaa hivyo Ebenezeri alipoingia. Alikuwa amekonda. Nyumbani kwake bomba zilitoa uji wa saruji, watoto wakikohoa vumbi la kijivu. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa Wachagga, anayekuja na isale kuomba msamaha harudishwi, na amrudishaye hujitafutia laana. Ebenezeri alilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana alikuja na jani badala ya kwenda na nyundo mtoni. Alipiga magoti, akaomba asamehewe "kwa yaliyotokea", akinong'ona kwamba udongo ulimwangukia kijana kwenye shimo la nguzo ya tatu. Aika alimuuliza kwa nini hakumchimbua. Akajibu, bila hata kuinua macho, kwamba kazi ingesimama. Aika alitamani kumzaba kofi.

Tabitha aliibana mikono yake mapajani.

"Hilo jani si langu, mbe. Hukunifukia mimi. Mpelekee mwenyewe."

Ebenezeri angeweza kuivunja nguzo. Mwanamume yule akachagua jani tena. Kesho yake mchana, mbele ya vibarua na Aika na kamera yake, alilichomeka jani la isale kwenye ufa mdogo wa nguzo ya tatu. Ufa ukalimeza. Akageuka, akatabasamu kama mtu aliyetua mzigo, na tabasamu likamfia mdomoni, kwa sababu mkono wake haukurudi naye, zege lilikuwa limelainika kama siku lilipomwagwa na lilikuwa likimvuta, kiganja, kifundo, kigasha, huku toka ndani ngumi zikigonga na treni ikipiga honi kwa mbali na mto wote ukinuka saruji.

"Aika, nivute!"

Aika hakusogea. "Shedrack yuko wapi?"

"Mererani..." alijibu, akiwatupia macho vibarua.

Zege likafika kwenye kiwiko.

"Yumo humu! Nilimwagia zege juu yake, nikamsikia anagonga!"

Nguzo ikamwachia. Mkono ulitoka wa kijivu, mgumu, usiokunjika. Hakuna aliyemtazama. Vibarua waliisimamisha treni kwa kitambaa chekundu, wakashika nyundo bila kungoja amri ya mtu, baadhi wakilia kwa aibu ya kunyamaza kwao. Zege lilivunjika kirahisi ajabu.

Jioni Tabitha alifika kumchukua mwanawe. Ngumi ya kulia ya marehemu ilikuwa imekazwa, na wanaume walishindwa kuifungua. Yeye aliishika tu ikafunguka. Ndani lilikuwemo jani la isale, bichi, limechanwachanwa vipande.

Ebenezeri alirudi nyuma hatua moja. "Mama, si ulisema nimpelekee?"

"Nilisema umpelekee," alijibu Tabitha, akimfunika mwanawe kwa khanga. "Sikusema atapokea."