Maji ya Jaji

Joan Wanyonyi alikuwa na kazi mbili kila jioni akitoka shuleni: kumpikia mbwa na kumtekea maji. Nyumbani kwao, karibu na mji wa Kitale, kulikuwa na kazi nzito kuliko hizo. Mama alikamua ng'ombe, naye baba alipalilia mahindi hadi jua lichwe. Lakini kwa Joan, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, hakuna kazi iliyochosha kama kuchemsha mifupa ya mbwa huku wenzake wakiruka kamba barabarani.

Mbwa mwenyewe aliitwa Jaji, kwa kuwa alizoea kuketi langoni na kumtazama kila mgeni kana kwamba anamsomea hukumu. Alifungwa kwa mnyororo usiku na mchana. Asichopewa na Joan, hakukipata.

Mvivu naye hakosi njia. Likizo ya Aprili Joan alikwenda Kimilili kwa nyanya yake, ambaye alimwita kukhu, akamwona akipika kunde kwa munyu, yale maji makali yanayochujwa kutoka kwenye jivu la mabua ya maharagwe. Kunde zililainika upesi. Joan aliomba chupa nzima, akarudi nayo Kitale. Tangu hapo akawa anautia munyu katika sufuria ya Jaji, pamoja na mifupa na vichwa vya samaki wa chumvi. Mifupa iliiva mapema, au ndivyo alivyojiambia, naye akaiwahi kamba. Kisima kilikuwa mbali, kwa hivyo bakuli la maji likawa linajazwa leo, kesho linasahauliwa. Baba alipouliza, "Jaji amekunywa?" jibu lilikuwa lile lile: "Ndiyo, baba."

Jumamosi moja asubuhi Jaji hakubweka. Joan alimkuta ameinua mguu, anajikamua kwa nguvu zake zote, na tone moja jekundu likadondoka. Akajaribu tena, asiweze. Akalia kwa sauti nyembamba ambayo Joan hakuwahi kuisikia. Tumbo lake lilikuwa limevimba na kuwa gumu.

Baba alikuja mbio na jembe mkononi. Alimtazama mbwa, kisha akatazama ng'ambo ya ua, nyumbani kwa jirani yao, mzee Kagwe, baba yake Muigai. Majuma mawili nyuma Jaji alikuwa amekata mnyororo na kuua kuku wanne wa Kagwe.

"Huyu amewekewa sumu," baba alisema kwa sauti kubwa. "Si yule mzee alisema ataona cha kufanya? Sasa amefanya!"

Kagwe alisikia. Alikuja moja kwa moja, funguo za pikapu yake mkononi. "Baba Joan, mimi siwezi kuua mnyama wa mtu. Leta mbwa tumpeleke kwa daktari huko mjini. Hii kitu haingoji."

"Ati gari yako? Umuue halafu umbebe? Wewe ni muuaji! Joan, leta maziwa tumnyweshe, itoe hiyo sumu."

Joan hakwenda popote. Alijua kwamba bakuli la Jaji lilikuwa kavu tangu Jumatano. Akisema, baba atajua kwamba binti yake ni mwongo. Asiposema, Jaji atakufa, na mzee wa watu atabebeshwa mzigo usio wake. Aliona haya, akaogopa, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, si Baba Muigai," alisema. "Ni mimi. Sijampa maji tangu Jumatano. Na kwa chakula naweka munyu ya kukhu ndio mifupa iive haraka. Naweka na samaki ya chumvi."

Jembe lilimponyoka baba. Alimfungua Jaji, akambeba mikononi, akamlaza nyuma ya pikapu ya Kagwe.

Mjini, Daktari Sandra alimuuliza Joan mbwa anakula nini, naye Joan akaeleza yote bila kuficha. Daktari alipiga picha ya tumbo, akawaonyesha vijiwe ndani ya kibofu. Kimoja kilikuwa kimeteremka na kuziba njia ya mkojo.

"Mbwa asipokunywa maji, mkojo unakuwa mzito," alisema. "Madini yaliyomo yanashikana, mwishowe yanakuwa mawe. Mifupa kila siku inaongeza madini. Chumvi inamtia kiu, na hana maji. Munyu nao unabadilisha mkojo wenyewe. Siwezi kusema ni lipi lilianza, na pengine kuna viini vya ugonjwa pia. Lakini mngempa maziwa mkangoja, kibofu kingeweza kupasuka leo."

Alipitisha mrija mwembamba, mkojo wa damu ukatoka, na Jaji akapumua. Kesho yake alipasuliwa, vijiwe vikatolewa. Siku ya tano alirudi nyumbani amekonda, akitembea polepole. Amri ya daktari ilikuwa maji safi asubuhi na jioni, ugali na nyama isiyo na chumvi, na kamwe asipewe tena mifupa wala munyu.

Jioni hiyo baba alimchukua Joan hadi kwa Kagwe. Alivua kofia yake.

"Baba Muigai, nilikuita muuaji mbele ya mtoto wangu. Nisamehe."

"Hiyo imeisha, bana," Kagwe alisema, akampa mkono. "Hata mimi, mambo ya kuku ilinifanya niseme vibaya."

Waliporudi, baba alisimama kabla ya kufika nyumbani.

"Kumnyima mbwa maji ni uvivu, Joan, na uvivu dawa yake ni kazi. Utafanya kazi. Lakini mimi nilikuuliza kila siku, na kila siku uliniambia ndiyo. Nilisimama juu ya hiyo ndiyo yako nikamtukana mtu mwema. Uongo hauumizi aliyedanganywa peke yake. Jumamosi ulitoa ukweli ukiwa umechelewa, na bado uliokoa mbwa na ujirani. Ukweli ungekuja mapema, hakuna mtu angeumia."

Joan aliinamisha kichwa. "Pole, baba."

"Nimesikia. Lakini kuanzia leo sitakuuliza tena kama Jaji amekunywa. Nitakuwa naenda kuangalia mwenyewe, mpaka siku neno lako litanitosha."

Joan alilia hadi wakafika mlangoni.