Kitabu Kisichoonekana Dukani

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika. Mshonaji, gauni la njano mwilini, utepe wa kupimia shingoni, alivuta kitambaa cha zambarau. Kumbe upande wa pili kulikuwa na mkono mwingine.

"Dada, taratibu, utaning'oa vidole."

"Achia basi, kaka. Kwani unajua kushona?"

"Hata kifungo sijui. Nimetumwa na mama. Mimi natunga riwaya za kuchekesha."

Mtunzi huyo alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimechoka. Aliachia kitambaa, akaomba namba. Jioni simu ikaita, na jioni zilizofuata.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimeshiba maneno yako. Hicho kitabu chako nitakisoma lini?"

"Kipo duka la mtandaoni, malkia. *Mpangaji wa Chumba cha Nyuma*."

Mshonaji akamweleza dada yake, aliyemlea. Dada akataka kukiona. Wakaandika jina la kitabu kwenye duka hilo la mtandaoni. Duka likaleta vitabu vya ujenzi na vya mapishi. Wakaandika jina la mtunzi. Likaleta watu wengine kabisa.

"Mtunzi wa uongo," dada alisema. "Kitabu hakuna, basi mke atakuwepo nyumbani kwake. Huyo hapa kwangu haingii."

Mshonaji akaacha kupokea simu. Lakini hakutulia. Alisimamisha mashine, akatafuta tena, akashona, akatafuta. Mkono wa kulia wa blauzi akauweka kushoto, akafumua.

Mwishowe mtunzi akaja mwenyewe, akamkuta uani kwa dada.

"Nimekukosea nini?"

"Kitabu chako kiko wapi? Kitafute, nikione."

Mtunzi akaandika jina la kitabu kwenye simu, akashuka kurasa baada ya kurasa, asikione. Hakuwahi kukitafuta kama msomaji. Siku zote alikifungua kupitia akaunti yake ya mtunzi, akafurahia jalada, akafunga. Sasa akaingia huko. Kilikuwepo! Kwa kuwa ni cha Kiswahili, duka lilikiweka kwenye vitabu vya kujifunzia lugha. Na ukitafuta, lilitanguliza vile vinavyonunuliwa sana tu.

Akakaa kwenye ngazi.

"Hakuna hata mmoja aliyenunua. Nilidhani sijui kuandika. Nimeshaacha kutunga, mpenzi."

Mshonaji akakinunua palepale, akaanza kusoma amesimama. Mtunzi akazunguka uani, akakaa, akainuka.

"Mbona hucheki?"

"Nyamaza, nasoma."

Kwenye sura ya pili alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nikuoe?" mtunzi aliuliza ghafla. "Ukikataa, kinachofuata kitakuwa cha kilio kitupu."

Kabla hajajibiwa, dada akatokea, mikono kiunoni. "Huyu ni nani?"

"Dada," mshonaji alisema bila kuinua macho kwenye simu, "mkaribishe shemeji yako ndani. Anazunguka mno, nashindwa kusoma."